Mbona miguu inakata kilomita ya 30? Uzi wa chakula, kasi na mazoezi ya marathoni

#1 Mleta uzi (Morogoro)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimekaa na jambo hili tangu marathoni ya Moshi ya mwaka juzi na leo nimeamua kuliandika lote. Ni refu, mwenye haraka aweke alama arudi jioni.

Ile ilikuwa marathoni yangu ya kwanza. Nilikuwa nimekimbia nusu marathoni nne, nikajipangia saa 3 na dakika 45. Nusu ya kwanza nikapita kwa saa 1 na dakika 49, napumua vizuri, napiga stori na jamaa wa pembeni. Tukaanza kuupanda mpando wa kuelekea Mweka. Kwenye kilomita ya 30 hivi, ndani ya dakika kama tano tu, nikawa mtu mwingine. Mapafu yalikuwa sawa na moyo haukuwa unakwenda mbio, ila miguu haikutii tena. Kichwa kikawa kizito, nikawa nasikia baridi wakati jua linawaka. Nilitembea, nikajivuta, nikamaliza kwa saa 4 na dakika 31.

Kwenye kundi letu la mazoezi wakaniambia nimekosa moyo, na kwamba marathoni ni kichwa. Nikalibeba neno hilo miezi miwili. Nilikuja kupona siku nilipokaa na kalamu nikapiga hesabu.

Mtu akikimbia kilomita moja, anatumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili wake. Nina kilo 62. Kilomita 42.195 ni kama kalori 2,600. Sukari mwili unaihifadhi kama glaikojeni, na kwa mtu wa kawaida ni gramu 400 hivi kwenye misuli na karibu 100 kwenye ini. Jumla gramu 500, kila gramu kalori 4, unapata 2,000. Hata hizo 2,000 hazipatikani zote kwa miguu, maana misuli haigawi glaikojeni yake: ya mikononi na mabegani inabaki hukohuko. Ini peke yake ndilo linalomwaga sukari kwenye damu, na ubongo unasubiri mgao kutoka hapohapo. Ndiyo maana ikikata, kichwa nacho kinaingia giza. Kumbe kilichokuwa kimeisha Moshi ni akiba, na mimi miezi miwili najilaumu kwa woga.

Mtu atasema, mafuta je? Yapo mengi. Hata mwembamba mwenye kilo 6 za mafuta ana zaidi ya kalori 40,000. Tatizo ni kwamba kwa kila lita ya oksijeni unayovuta, mafuta yanakupa nguvu pungufu kuliko wanga (yaani hiyo sukari), na yanachomeka taratibu. Ukienda mwendo wa kuongea, yanabeba sehemu kubwa ya mzigo. Ukikaza mwendo, mwili unahamia kwenye wanga. Kwa hiyo aliyeanza kwa kasi kuliko uwezo wake anajichosha, na papo hapo anachoma ile akiba ndogo mapema.

Sasa angalieni nilichokula siku ile: chai ya rangi saa kumi alfajiri bila kitafunwa, kwa sababu niliambiwa tumbo tupu ni jepesi. Njiani maji na vipande viwili vya chungwa.

Niambieni nyie mlipita vipi hapo.

#2 Raba_Kuukuu (Dodoma)

Mleta uzi, umeandika vizuri ila nina swali la kweli. John Stephen Akhwari wetu, marathoni ya Olimpiki ya Mexico City 1968, alianguka, akaumia goti, akamaliza wa mwisho huku watu wameshaondoka uwanjani. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York 1989 kwa saa 2:08:01. Hao walikula ugali na maharage. Hizi jeli za sukari za kula njiani na hesabu za gramu si biashara za wazungu wanaotaka kutuuzia paketi?

#3 Mleta uzi

Mkuu, swali zuri na sitalikwepa.

Ugali na maharage ni wanga. Watafiti walipokwenda kuwapimia chakula wakimbiaji wakubwa wa Kikalenjini, matokeo yaliyochapishwa 2004 yalionyesha zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, kama gramu 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Ugali, wali, viazi, mkate, na sukari nyingi kwenye chai ya maziwa. Wazee wetu walikuwa wanafika kwenye mstari wa kuanzia matangi yamejaa bila kuwa na jina la kuliita jambo hilo. Mimi niliyekunywa chai ya rangi ndiye niliyeiacha njia yao.

Na Ikangaa huyohuyo ana somo jingine. Kwenye marathoni ya Boston alishika nafasi ya pili mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ile ya 1988 alipitwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja, 2:08:43 kwa 2:08:44. Mwaka 1990 mambo yalikuwa tofauti kabisa: nusu ya kwanza ilikwenda kwa kasi kali mno, kisha vilima vikadai deni. Gelindo Bordin wa Italia aliyejituliza nyuma akaja kushinda kwa 2:08:19, Ikangaa akaingia 2:09:52. Huyo ni mmoja wa wakimbiaji hodari kuliko wote tuliowahi kuwa nao, naye hesabu ya mwendo haikumwonea haya.

Kuhusu biashara, nakubali paketi ni ghali. Nitaweka ya kwangu ya jikoni huko chini. Ila wazo lenyewe lina miaka mia. Boston 1924 madaktari waliwapima wakimbiaji sukari ya damu mwishoni mwa mbio, wakakuta baadhi ya waliofika hoi sukari yao imeshuka vibaya. Mwaka uliofuata wakawashauri wale wanga kwa wingi kabla ya mbio na wale peremende njiani. Hali zao zikawa bora. Peremende za dukani tu, mkuu.

#4 KutokaEldoret

Salamu kutoka Eldoret. Mimi si bingwa, lakini nimekaa Iten karibu mwaka mmoja nikifanya mazoezi na vijana wa huko, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari.

Kitu ambacho wageni hawaamini wakija ni jinsi mbio za asubuhi zinavyoanza polepole. Unakuta mtu wa marathoni ya 2:08 anaanza na mwendo ambao hata mimi naweza kumfuata, tunaongea. Siku ngumu ziko mbili au tatu kwa wiki na hizo ni ngumu kweli, watu hawaongei. Siku zingine ni pole. Mtafiti Stephen Seiler alipochunguza wanamichezo wa uvumilivu wa kiwango cha juu, wapiga makasia, waendesha baiskeli, wakimbiaji, alikuta karibu asilimia 80 ya mazoezi yao ni ya mwendo mwepesi. Sisi wa kawaida tunafanya kinyume: kila siku tunakimbia katikati, si polepole si haraka, halafu tunashangaa mbona hatusongi.

Ule mwendo wa pole ndio unaoongeza mitokondria, yale majiko madogo ya nishati ndani ya misuli, na vile vimishipa vidogo vya damu. Hapo ndipo mwili unajifunza kutumia mafuta na kuiwekea akiba ile glaikojeni unayoisema. Kwa hivyo chakula ni nusu ya dawa, ndugu yangu. Nusu ingine ni kuwa na subira ya kukimbia polepole miezi mitano.

#5 Mleta uzi

Asante sana ndugu wa Eldoret. Nimekubali, na ningeongeza hapo kitu kinachonisisimua kila nikikisoma.

Stockholm, mwaka 1966, watafiti wawili, Bergström na Hultman, walijifanyia jaribio wenyewe. Walikaa kwenye baiskeli moja ya mazoezi, mmoja upande huu mwingine upande ule, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu mpaka ukachoka kabisa. Mguu wa pili umepumzika. Halafu wakala wanga kwa wingi siku tatu, na kila siku wakachukua kipande kidogo cha nyama ya paja kwa sindano kutoka miguu yote miwili. Mguu uliofanya kazi ulijaza glaikojeni karibu mara mbili ya ule uliopumzika. Mwili mmoja na chakula kilekile, mguu mmoja ukajaza kuliko mwenzake kwa sababu ulichoshwa kwanza.

Mnaona uzuri wake? Mazoezi yanapanua ghala na chakula kinalijaza. Ukila wanga bila kukimbia unanenepa, na ukikimbia bila kula unabaki na ghala kubwa tupu.

#6 Dada_wa_Mbezi

Naomba niingie kwa upande wetu wanawake, maana nyuzi za namna hii huwa zinaongelea kilo na gramu za wanaume tu.

Nilikimbia miezi minane nikiwa nachoka kuliko kawaida. Nikadhani ni mazoezi, nikaongeza mazoezi. Nilipopima damu, akiba ya madini ya chuma, ile inayoitwa feritini, ilikuwa chini sana. Tunapoteza chuma kwenye hedhi, mkimbiaji anapoteza kiasi kingine kwenye jasho na tumboni, halafu tunakunywa chai pamoja na chakula. Chai inazuia chuma cha mboga na maharage kufyonzwa. Sasa nakunywa chai yangu saa moja au mbili baada ya kula, na kwenye mchicha nakamulia ndimu. Vidonge nilipewa na daktari baada ya kipimo. Msinywe vya kubahatisha, chuma kikizidi nacho kina madhara.

La pili ni zito zaidi. Dada ukiona hedhi imekata kwa sababu ya mazoezi, usifurahi kwamba umepata nafuu. Ni mwili unafunga baadhi ya vyumba kwa sababu chakula unachoupa hakitoshi kazi unayoufanyisha. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilitoa tamko juu ya hali hii 2014, na wakaeleza kwamba wanaume nao wanaipata. Mifupa inadhoofika, unapata nyufa ndogo mguuni, unakaa nje msimu mzima. Mdogo wangu yalimkuta akiwa na miaka 19. Alikuwa anasifiwa kila siku kwa kupungua.

#7 Mleta uzi

Dada, pole kwa ya mdogo wako na asante. Naomba wote mlioruka #6 mrudi kuisoma.

#8 MzeeWaMbio

Vijana, nimekimbia timu ya jeshi miaka ya themanini. Nasoma hapa nafurahi.

Sisi kocha alitukataza maji kwenye mazoezi. Ilionekana maji ni uzembe. Nimeona watu wakianguka kwa joto, mmoja hakuamka. Kwa hiyo msitusifu sana wazee kwa kila jambo, mengine tulipona kwa bahati.

Ila nina swali. Tuliambiwa maumivu ya kesho yake ni asidi imebaki misulini, tukawa tunakimbia kuitoa. Bado ni hivyo?

#9 Mleta uzi

Shikamoo mzee. Maneno yako kuhusu maji yamenigusa.

Hapana mzee, hilo limebadilika. Lakteti, hiyo mliyoiita asidi, inarudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama. Tena si taka: misuli mingine na moyo vinaichukua na kuichoma kama nishati, jambo ambalo George Brooks wa Berkeley amelifanyia kazi miaka mingi. Maumivu ya kesho na keshokutwa yanatoka kwenye michaniko midogo ya nyuzi za misuli, hasa wakati wa kuteremka, pale paja linapojikaza huku linavutwa. Ndiyo maana mtu akishuka kutoka Mweka kwa fujo, Jumatatu anashuka ngazi kinyumenyume. Dawa yake ni kuteremka vilima kidogokidogo wiki nyingi kabla ya mbio.

#10 TangaRaha

Mimi nilifanya kosa la upande wa pili, nalisema ili lisimpate mwingine. Niliambiwa "kunywa maji mengi", nikanywa kila kituo, vikombe viwili viwili, saa tano nzima. Kilomita ya 35 vidole vimevimba pete haitoki, natapika, kichwa kinapasuka, na watu wema wakanipa maji zaidi. Hospitali ndiyo waliosema chumvi ya damu imeshuka.

#11 Mleta uzi

Alhamdulillah uko hapa kutusimulia. Hilo linaua. Boston 2002 msichana wa miaka 28 alifariki hivyo. Katika mbio hizohizo watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni, asilimia 13 wakakutwa sodiamu, hiyo chumvi ya damu, iko chini ya kiwango. Walioongezeka uzito njiani ndio walikuwa hatarini zaidi, yaani walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Mkimbiaji wa taratibu yuko kwenye hatari kubwa kuliko wa haraka, kwa kuwa anakaa njiani muda mrefu na vituo vyote anavipata.

Njia rahisi: jipime uzito kabla na baada ya mazoezi ya saa moja, bila nguo zenye jasho. Kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, na ongeza ulichokunywa. Mimi Morogoro mwezi wa pili napoteza lita 1.1 kwa saa, mwezi wa saba kama nusu lita. Sasa nakunywa kwa kiu, na kwa mzani sirudi nyumbani mzito kuliko nilivyotoka.

Nimeahidi mapishi. Kichupa cha mililita 100, kilichooshwa kwa maji ya moto. Vijiko vinne vya chakula vya asali, chumvi kidole na gumba, ndimu kidogo, jazia maji, tikisa. Kijiko kimoja cha asali kina wanga gramu 17, kwa hiyo chupa nzima ni karibu 68.

Kwa nini asali? Utumbo una milango tofauti. Glukosi, aina moja ya sukari, inapita mlango wake, nao unazidiwa ikifika kama gramu 60 kwa saa. Fruktosi, sukari ya aina nyingine, ina mlango wa pembeni. Ukichanganya zote mbili unaweza kupitisha 90. Asali inazo zote mbili, na sukari ya mezani ni nusu kwa nusu. Mabingwa wa leo wanasukuma mpaka 120, lakini matumbo yao yamefundishwa miaka.

Hapo kwenye kufundishwa ndipo wengi wanaharibu. Tumbo linazoezwa kama mguu. Nilianza na gramu 30 kwa saa kwenye mbio ndefu za Jumapili, nikaharisha mara mbili wiki ya kwanza, nikapunguza asali nikaongeza maji, wiki ya kumi na mbili nikafika 60 tumbo limetulia. Usijaribu kitu kipya siku ya mbio hata akikupa rafiki yako.

#12 Pwani_Kavu (Unguja)

Asalaam aleikum. Ramadhani inasogea kama siku 11 kila mwaka, na miaka hii imeangukia msimu wa mbio hizi za mwezi wa pili na wa tatu. Mfungaji afanye nini?

#13 Mleta uzi

Waaleikum salaam. Upande wa dini waulize wenye elimu. Upande wa mwili, nilivyofanya mimi: mbio nyepesi dakika 40 zikiisha karibu na adhana ya magharibi, ili nikifika tende na maji viko mbele. Mazoezi makali na marefu baada ya tarawehe, nikiwa nimefuturu, na chupa mkononi. Nilipunguza umbali wa wiki kwa theluthi moja. Daku sikuiacha hata siku moja: wali, maharage, ndizi, na chumvi ya kutosha. Kukimbia marathoni yenyewe ukiwa umefunga, kwenye jua la Moshi, mimi singethubutu, ningetafuta mbio nyingine mwezi wa sita.

#14 Raba_Kuukuu (Dodoma)

Nimerudi. Nimesoma yote, mkuu, swali langu limejibiwa. Basi niambie siku mbili za mwisho unakula nini hasa, na matokeo yako ya pili yalikuwaje.

#15 Mleta uzi

Siku mbili za mwisho ni wanga gramu 8 mpaka 10 kwa kilo. Kwangu hiyo ni karibu gramu 550 kwa siku, si mchezo, inabidi ule bila njaa. Wali mweupe, uji wa sukari, mkate na asali, ndizi mbivu, viazi mviringo, juisi. Maharage, mboga za majani na mihogo naviweka pembeni siku ya mwisho, nyuzinyuzi zake zitakusumbua njiani. Mzani utapanda kilo moja au mbili. Usiogope, kila gramu ya glaikojeni inashika karibu gramu tatu za maji, nayo utayahitaji. Asubuhi, masaa matatu kabla ya mbio, uji mzito na mkate. Chai ipo, ina kafeini, na kafeini inasaidia kweli.

Matokeo: saa 3 na dakika 52. Nusu ya kwanza 1:57, ya pili 1:55. Kwenye mpando uleule nilikuwa nawapita watu, na nilikuwa nafahamu wanachopitia.

Halafu mwaka huo huo, tarehe 15 Septemba 2025, nikaamka usiku kumwangalia Alphonce Simbu wetu kwenye marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha kule Tokyo. Joto, unyevu, kundi kubwa limebaki pamoja muda mrefu, yeye hana papara. Wakaingia uwanjani Amanal Petros wa Ujerumani akiwa mbele, na mita za mwisho Simbu akamfikia. Wote 2:09:48, wametenganishwa na sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Baada ya kilomita 42 kwenye joto lile, mtu bado alikuwa na kitu mguuni cha kukimbilia. Nililia, sioni aibu kusema.

#16 MzeeWaMbio

Hata mimi, kijana wangu.

#17 Raba_Kuukuu (Dodoma)

Taarifa ya Jumapili. Kilomita 26, mwendo wa kuongea kama alivyosema ndugu wa Eldoret. Kichupa kimoja cha asali nimekigawa mara nne, kila dakika 25 hivi. Kilomita ya 15 tumbo liliguna, nikanywa maji kidogo likatulia. Kilomita ya 24 nilikuwa bado naweza kuhesabu nguzo za umeme mpaka nyumbani. Chumvi nadhani niliweka nyingi. Wiki ijayo napunguza, nitaleta majibu.